Mgeni wa Siku ya Tatu: Nyumba za Makumbusho, Vyama vya Huruma na Vijana wa Simu



Ziko nyumba zinazotunza vitu vya kale na vitu vya uzuri, ili watu wote wavitazame na kujifunza. Ndizo nyumba za makumbusho. Viko tena vyama visivyotafuta faida, vinavyokusanya fedha kwa ajili ya wagonjwa, wakimbizi, yatima, na kazi nyingine za huruma. Nyumba hizo na vyama hivyo haviishi kama duka. Vinaishi kwa sababu kuna watu wanaovipenda: mmoja anatoa fedha, mwingine anatoa kazi ya mikono yake, mwingine anawaleta rafiki zake. Lakini wapenzi hao wakizeeka, na vijana wasipoingia mahali pao, nyumba itafungwa na chama kitakufa.

Ndiyo maana wakubwa wa nyumba hizo wameondoka kwenda kuwatafuta vijana pale walipo, yaani katika simu zao. Wanatia picha, video na maneno ya kuchekesha katika Facebook, Instagram, TikTok na mitandao mingine. Wengine wamefaulu kupita walivyotumaini. Wengine wamepata kelele tu.

Leo tunataka kupima kazi chache za namna hiyo, kama tunavyopima kitabu kipya au mchezo wa kuigiza. Je, ni kazi njema? Zimewafaa vijana? Tutatumia kipimo kimoja tu, nacho tumekipokea kwa wazee: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kijana aliyevutwa na picha ni mgeni. Amekuja, ametazama, amecheka. Vema. Lakini siku ya tatu alipewa jembe gani?

Kondoo wa Reading

Tuanze na Uingereza. Katika mji wa Reading, chuo kikuu kina nyumba ya makumbusho ya maisha ya shamba, iliyoanzishwa mwaka wa 1951. Humo mmewekwa vyombo vya kulimia, mikokoteni, vikapu, na picha nyingi za wakulima na mifugo yao. Mtu angedhani kwamba kijana wa mjini hana haja na vitu hivyo.

Mwezi wa Aprili 2018, nyumba hiyo ilitia katika mtandao wa Twitter, ambao siku hizi unaitwa X, picha moja ya mwaka 1962. Ni picha ya dume la kondoo, nene ajabu, limesimama kama chifu mbele ya watu wake. Waliandika hapo maneno machache tu, ya namna wanavyosema vijana wa Uingereza wao kwa wao, kama kusema: Hebu litazameni jitu hili! Basi, hakuna zaidi. Watu zaidi ya 100,000 walionyesha kwamba wameipenda picha hiyo.

Je, huo ni upuuzi? Sisi hatusemi hivyo. Wazee wanasema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maneno hayo ni kweli. Lakini chema kilichofungiwa ndani ya kabati hakiwezi kujiuza, kwa sababu hakuna akionaye. Nyumba ya Reading ilifungua kabati. Haikuazima uso wa mtu mashuhuri. Haikusema uongo wala kumdharau mtu. Picha ni mali yake, na habari za mifugo ndiyo kazi yake. Yule aliyecheka aliweza kuuliza: Kondoo huyu ni wa aina gani? Akajibiwa kwamba anaitwa Exmoor Horn, kondoo wa nyanda za juu za kusini-magharibi ya Uingereza. Basi kicheko kilikuwa mlango, na mlango huo uliingia ndani ya nyumba, haukuelekea barabarani.

Hata hivyo jembe lilikuwa dogo. Kupenda kwa ncha ya kidole hakumchoshi mtu. Anayefanya hivyo anaweza kusahau kabla ya chakula cha jioni.

Picha za Florence

Twende sasa Italia. Mjini Florence kuna nyumba inayoitwa Uffizi. Picha zilizochorwa na mabingwa wa kale zilizomo humo zinajulikana ulimwenguni pote. Mwishoni mwa mwezi wa Aprili 2020, wakati milango ilipokuwa imefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Covid, Uffizi iliingia katika TikTok, mtandao wa video fupi unaopendwa na vijana.

Video yake moja ilikuwa hivi. Kirusi cha Covid, kilichochorwa kama katuni, kinakuja kikichezacheza. Kinafika mbele ya Medusa aliyechorwa na Caravaggio. Medusa ni mwanamke wa hadithi za Wagiriki wa kale, mwenye nyoka badala ya nywele. Aliyemtazama aligeuka jiwe. Basi kirusi kinamtazama, kinageuka jiwe, na kuvunjika vipande vipande.

Hiyo ni kazi njema. Kwa nini? Kwa sababu mzaha wenyewe ni somo. Kijana hawezi kucheka mpaka aelewe Medusa ni nani. Akishacheka, amekwisha kupokea fundisho bila kujua. Mwalimu mzuri wa katekisimu anaijua njia hiyo.

Mwezi wa Julai mwaka uleule, Uffizi ilifanya jambo la namna nyingine. Chiara Ferragni, mwanamke Mwitalia mwenye wafuasi milioni nyingi katika Instagram, alipigwa picha mbele ya Venus wa Botticelli. Nyumba ikaitangaza picha hiyo, na kumfananisha mwanamke huyo na Venus. Watu wengi walinung'unika. Mkubwa wa nyumba, Eike Schmidt, alijibu kwa hesabu: katika mwisho wa juma lile vijana walioingia Uffizi walizidi wale wa juma lililotangulia kwa 27 kwa mia.

Hesabu hiyo si kitu cha kudharau. Kijana aliyeingia kwa sababu ya uso wa mtu aweza kuguswa na uzuri asiouwazia. Mwenyezi Mungu ameandika mara nyingi mistari iliyonyoka kwa kalamu zilizopinda. Lakini tazameni tofauti ya kazi hizo mbili. Katika video ya Medusa, picha ya kale ndiyo iliyosema. Katika ile nyingine, picha ya kale ilikuwa pazia tu, imetundikwa nyuma ya mtu anayesifiwa. Anayekuja kwa ajili ya uso huo ataondoka uso huo ukienda mahali pengine. Nyumba inayojenga juu ya sifa za mtu mmoja inajenga juu ya mchanga.

Mablanketi ya Los Angeles

Mwezi wa Machi 2020, nyumba ya makumbusho ya Getty, iliyo Los Angeles katika Marekani, iliwaomba watu waliofungiwa nyumbani wafanye kitu kidogo. Mtu achague picha moja maarufu, kisha aiige kwa vitu vitatu alivyo navyo nyumbani, apigwe picha, na kuionyesha katika mtandao. Wazo hilo lilikuwa limeanzishwa na Waholanzi katika Instagram, na Getty ilikubali waziwazi kwamba imelipokea kwao.

Maelfu na maelfu wakaitika. Blanketi likawa joho la mfalme. Taulo likawa kilemba. Watoto, wazazi na mababu walishiriki pamoja.

Hapa, ndugu wasomaji, tunaona jembe la kweli. Maana huwezi kuiga picha usiyoitazama. Ni lazima uulize: mkono uko wapi? Macho yanaelekea wapi? Mwanga unatoka upande gani? Mtu ambaye angepita mbele ya picha ile kwa nusu dakika, sasa ameitazama nusu saa. Hakupewa sifa tu, alipewa kazi. Na kazi yenyewe ilimfanya aipende picha. Kwa kipimo chetu, Getty imewapita Reading na Florence.

Ndoo ya maji ya barafu

Mpaka hapa tumesema habari za nyumba za makumbusho. Sasa tuvitazame vyama vya huruma, maana huko hatari ni kubwa zaidi. Huko kuna fedha, na kuna wagonjwa wanaongoja.

Kuna ugonjwa unaoitwa ALS. Unaharibu mishipa ya fahamu inayoamuru nyama za mwili. Mgonjwa anadhoofika mikono na miguu, kisha hawezi kusema wala kumeza, na mwisho pumzi yenyewe inamshinda. Pete Frates, kijana Mmarekani aliyekuwa mchezaji wa mpira wa besiboli, aliambiwa mwaka wa 2012 kwamba ana ugonjwa huo. Yeye na mgonjwa mwenzake, Pat Quinn, ndio waliosaidia kueneza mwaka wa 2014 mchezo ambao wengi wenu mmewahi kuuona: kujimwagia ndoo ya maji ya barafu. Sheria yake ilikuwa rahisi. Aliyeitwa anapewa saa 24. Ajimwagie maji, au atoe dola 100 kwa ajili ya wagonjwa. Kisha awaite watu wengine watatu kwa majina yao. Wengi walifanya yote mawili.

Video zaidi ya milioni 17 zilitiwa katika Facebook. Chama cha ALS cha Marekani kilipokea dola milioni 115 kwa muda wa majuma machache. Mwaka uliotangulia, katika miezi ileile, kilikuwa hakikufikia milioni tatu. Fedha hazikupotea. Mwaka wa 2016 wataalamu walitangaza kwamba wamegundua uhusiano kati ya ugonjwa huo na jini moja ya mwili, iitwayo NEK1, na sehemu ya gharama za utafiti huo ilitoka katika ndoo zile. Pete Frates alikufa mwaka wa 2019 na Pat Quinn mwaka wa 2020, lakini kazi yao inawasaidia wengine. Anayewacheka walioshiriki akumbuke hayo kwanza.

Lakini mchambuzi hana ruhusa ya kunyamaza palipo kasoro. Tunaona kasoro tatu.

Ya kwanza ni tarumbeta. Bwana wetu alituonya tusitoe sadaka huku tukipiga tarumbeta mbele ya watu. Video nyingine hazikutaja hata jina la ugonjwa. Zilionyesha kicheko, bustani nzuri, nguo zilizolowa, basi. Mgonjwa, ambaye mchezo ulienezwa kwa ajili yake, alisahauliwa.

Ya pili ni haraka. Saa 24 zinatosha kutafuta ndoo, hazitoshi kuuliza fedha zinakwenda wapi. Mwezi wa Agosti 2014, Jimbo Kuu la Cincinnati liliziambia shule zake za Kikatoliki zisipeleke michango yao kwa chama kile, kwa sababu kilikuwa kimesaidia utafiti uliotumia seli za viinitete vya binadamu, jambo ambalo Kanisa linalikataza, kwa kuwa uhai wa mtu unaharibiwa. Jimbo halikuwakataza watoto kuwahurumia wagonjwa. Liliwaonyesha mahali pengine, taasisi yenye jina la Yohane Paulo II katika Iowa, isiyotumia njia hiyo. Chama chenyewe kilijibu kwamba utafiti wa namna hiyo ulikuwa mmoja tu, ukilipwa na mfadhili mmoja, na kwamba mtoaji aweza kuomba fedha zake zisitumiwe hivyo. Tunaona hapa mambo mawili. Huruma haiondoi wajibu wa dhamiri. Na chama kinachowaita vijana kina wajibu wa kuwaambia wazi, kabla hawajauliza, kile kinachofanywa kwa fedha zao.

Ya tatu ndiyo kubwa kwa kipimo chetu. Mwaka wa 2015 chama kiliwaita watu tena wajimwagie maji. Safari hii fedha zilizopatikana zilikuwa sehemu ndogo sana ya zile za kwanza. Wale wageni mamilioni walikuwa wamekwenda zao. Walikuwa wameitwa kwenye sikukuu, na sikukuu imekwisha. Siku ya tatu ilifika, na wengi wao hawakuwa na jembe mkononi.

Binti wa Lyon na watu wake kumi

Je, inawezekana kufanya namna nyingine? Inawezekana, na Kanisa limekwisha kuifanya kabla ya simu kuwako.

Pauline Jaricot alizaliwa mwaka wa 1799 katika mji wa Lyon, nchi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa tajiri wa hariri. Pauline alipokuwa kijana wa miaka ishirini hivi, alisikia habari za mateso na umaskini wa misioni za mbali. Hakuwa na cheo. Hakuwa mtawa. Alifanya nini? Alikwenda kwa wasichana waliofanya kazi katika viwanda vya hariri, akawaomba wamtafute kila mmoja watu kumi. Kila mtu katika kumi hao atoe sou moja kwa juma, yaani santimu tano, na asali kila siku kwa ajili ya misioni. Kumi kumi zilifanya mia, mia zilifanya elfu, kila kundi na kiongozi wake. Kutoka hapo, tarehe 3 Mei 1822, kilianzishwa Chama cha Kueneza Imani. Miaka 100 baadaye, Baba Mtakatifu Pio XI alikifanya kuwa chama cha Kipapa. Pauline mwenyewe alitangazwa Mwenye Heri mjini Lyon tarehe 22 Mei 2022.

Tazameni vizuri. Pauline naye aliwaita watu kwa majina, mmoja akimwita mwingine, sawasawa na mchezo wa ndoo. Tena sadaka yake ilikuwa ndogo kuliko dola 100. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini yeye alitia mambo matatu yaliyokosekana katika ndoo. Sadaka yake ilirudi kila juma, kwa hiyo mtoaji hakuwa mgeni tena. Kila mtu alikuwa na kiongozi anayemjua kwa uso, ambaye angeuliza: Mbona juma hili hatukukuona? Tena watoaji walisomewa barua za wamisionari, zilizochapwa katika gazeti la chama, na hivyo walijua sou yao imefika wapi na imefanya nini.

Msidhani kwamba njia yake ilikuwa laini. Baadaye Pauline alianzisha kazi nyingine, ya kuwasaidia wafanyakazi wa viwandani, akawaamini watu waliomdanganya. Fedha zikapotea, naye akabaki na madeni mpaka kufa kwake mwaka wa 1862. Hilo nalo ni fundisho: moyo mwema bila hesabu iliyokaguliwa unaweza kuwaumiza maskini.

Wengine watasema: Hayo ni ya zamani, kijana wa leo hakai katika kikundi cha watu kumi. Tunawajibu kwa jina moja: Carlo Acutis. Kijana huyo Mwitalia, aliyekufa mwaka wa 2006 akiwa na miaka 15, alikuwa mtoto wa kompyuta hasa. Alikusanya habari za miujiza ya Ekaristi iliyotokea katika nchi mbalimbali, akazitia katika intaneti. Lakini hakuishia hapo. Habari hizo zilifanywa kuwa maonyesho, yenye picha na maelezo yanayoweza kutundikwa katika ukumbi wa parokia yoyote. Hiyo ni kama nyumba ya makumbusho inayotembea. Mtu anaiona katika simu, kisha anaiona kwa macho katika parokia, kisha anapiga magoti mbele ya Sakramenti. Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza Carlo kuwa Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Simu yaweza kuwa njia, ila si mwisho wa safari.

Na sisi?

Habari hizi si za Wazungu peke yao. Nchi yetu ya Kongo ina Makumbusho ya Taifa mjini Kinshasa, ambayo nyumba yake mpya ilifunguliwa mwaka wa 2019. Parokia zetu nyingi nazo zina vikundi vya WhatsApp, ambamo vijana wanaombwa mchango wa paa, wa mgonjwa, wa sikukuu ya padri. Basi wakubwa wa makumbusho na wakubwa wa vikundi wayapokee mashauri haya matatu.

Kwanza, toeni kilicho chenu. Msiazime uso wa mwimbaji ili kuuza kitu kitakatifu au kitu cha kale. Ngoma ya babu, kikapu cha bibi, daftari la kwanza la ubatizo wa misioni: vitu hivyo vina habari zake, na habari za kweli zinavuta.

Pili, semeni mwisho wa fedha. Picha ya kuomba ikitiwa katika kikundi siku ya Jumapili, picha ya bati zilizonunuliwa itiwe pia, pamoja na hesabu yake. Kijana aliyedanganywa mara moja hatarudi, na atawazuia wenzake kumi.

Tatu, siku ya tatu toeni jembe. Msimwambie kijana: Penda picha yetu. Mwambieni: Nenda kwa nyanya yako, muulize chombo hiki kilitumiwa namna gani, uandike maneno yake utuletee. Msimwambie: Tangaza kikundi chetu cha wagonjwa. Mwambieni: Jumamosi tunakwenda hospitalini saa nane, njoo na sabuni.

Kijana wa Goma, Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, ni shahidi wa hayo. Katika Jumuiya ya Sant'Egidio aliwahudumia watoto wa barabarani, akawajua kwa majina. Alipofanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani, alikataa rushwa ya watu waliotaka kupitisha chakula kilichoharibika, wakamwua mwaka wa 2007. Hakuna aliyemfanya kuwa rafiki wa maskini kwa kumwonyesha video. Alipewa watoto wa kuwatunza, na kazi hiyo ikaulea moyo wake.

Basi hukumu yetu ni hii. Nyumba za makumbusho na vyama vya huruma havikukosea kuingia katika simu za vijana. Wachungaji wema wanakwenda malishoni, hawangoji zizini. Kosa ni kuhesabu macho na kudhani umehesabu mikono. Anayetaka wapenzi wa kesho asiulize tu: Wangapi wametutazama? Aulize: Wangapi wamerudi, na wanafanya nini?

Na wewe, kijana unayesoma ukurasa huu, labda katika simu yako, usingoje mpaka jembe liletwe mlangoni. Kitafute chama kimoja tu, uulize hesabu zake, utoe kidogo kila juma, uwaite wenzako kumi. Mwenye Heri Pauline hakuwa na zaidi ya hayo alipoanza.